Rangi tatu, uzi mmoja: somo la soksi ya Antinoupolis

Soksi ndogo iliyofukuliwa jalalani nchini Misri inaonyesha kwamba anayejua kuutia uzi rangi na kuufuma anaweza kupata vingi kutokana na vichache. Maarifa hayo yanafaa hadi leo, hasa kwa wakazi wa nyanda zetu za baridi.

Katika msimu wa uchimbaji wa 1913 hadi 1914, Mwingereza John de Monins Johnson alikuwa akifukua majalala ya mji wa kale wa Antinoupolis, kwenye ukingo wa mashariki wa mto Nile, mahali ambapo leo ni mkoa wa Minya. Alichokitafuta ni mafunjo, yale makaratasi ya kale yenye maandishi. Lakini jalala hupokea kila kitu, nalo lilimtolea pia soksi: ndogo, ya sufu, yenye milia, iliyofumwa kwa ajili ya mguu wa kushoto wa mtoto. Sasa inatunzwa British Museum, London, na umri wake ni takriban miaka 1,700.

Mji huo uliasisiwa mwaka 130 na Kaisari Hadrian wa Roma kwa kumbukumbu ya kijana Antinous, mwandani wake aliyezama katika Nile. Kaisari aliujengea mahekalu na barabara zilizopangwa nguzo za mawe, na sehemu kubwa ya fahari hiyo imekwisha kubomoka. Soksi imebaki. Imebaki kwa sababu ardhi kavu ya Misri haiozeshi sufu upesi, na rangi zake zimebaki kwa sababu aliyezitia aliijua kazi yake barabara.

Kujua huko ndiko ninakotaka tukuzungumzie. Watu wengi hudhani kwamba kazi nzuri ya mikono hudai vifaa vingi, malighafi za ghali na duka kubwa lililo karibu. Soksi ya Antinoupolis inakanusha dhana hiyo kwa ushahidi unaoonekana kwa macho. Ilihitaji mimea mitatu, shabu kidogo ya kushikisha rangi, sindano moja na sufu ya kondoo. Kilichobaki chote kilikuwa kichwani na vidoleni mwa fundi.

Rangi tatu zilivyozaa saba

Mwaka 2018 watafiti wa British Museum, Joanne Dyer akiwa mwandishi mkuu, walichapisha katika jarida la PLOS ONE matokeo ya uchunguzi wa vitambaa vya Misri vya zama hizo, soksi hii ikiwamo. Zamani, ukitaka kujua rangi ya kitambaa cha kale imetokana na nini, ilibidi ukate kipande cha uzi ukipeleke maabara. Wao walitumia kamera na mwanga. Walikipiga kitambaa picha chini ya mwanga wa kawaida, wa miali ya urujuanimno na wa miali ya infraredi. Kila rangi ya asili hujitambulisha kwa namna yake: nyekundu ya mizizi hung'aa chini ya urujuanimno, na buluu ya nili, ambayo kwa macho yetu ni nzito, hugeuka nyeupe katika picha ya infraredi. Hakuna uzi hata mmoja wa soksi uliokatwa kwa ajili ya picha hizo.

Majibu yalipatikana. Milia ya soksi ina rangi saba, lakini mimea iliyotumika ni mitatu tu. Nyekundu ilitoka kwenye mizizi ya Rubia tinctorum, mmea unaoachwa ardhini kama miaka mitatu ndipo mizizi yake iwe na rangi ya kutosha. Buluu ilitoka kwenye majani ya Isatis tinctoria. Njano ilitoka kwenye Reseda luteola, mmea wa maua madogo ya manjano unaochemshwa ukiwa mzima.

Zile nyingine zilizaliwa kwa akili. Uzi uliokwisha kuwa buluu ukizamishwa kwenye maji ya njano hutoka kijani. Ukizamishwa kwenye maji ya nyekundu hutoka zambarau. Maji yaliyokwisha kutumika mara moja hayamwagwi. Uzi wa pili hutoka na rangi iliyopoa, na hiyo nayo ni rangi mpya. Kisha kuna ujuzi unaotangulia sufuria: kuchukua sufu ya rangi mbili ikiwa bado haijasokotwa, kuichanganya, na kuisokota pamoja iwe uzi mmoja ambao jicho huuona kuwa na rangi ya tatu.

Zambarau ina kisa chake. Katika dola ya Roma zambarau halisi ilitoka kwa konokono wa baharini, nayo ilikuwa alama ya wafalme. Amri ya bei ya Kaisari Diocletian ya mwaka 301 iliweka ratili moja ya hariri ya zambarau katika bei ya dinari 150,000, na amri hiyo hiyo ikaweka ujira wa kibarua wa shambani kuwa dinari 25 kwa siku pamoja na chakula. Piga hesabu: kibarua angefanya kazi siku 6,000, zaidi ya miaka 16 bila kupumzika, apate ratili hiyo moja. Lakini katika Misri ya wakati huo huo palikuwa na watu wakiandika kwa Kigiriki, kwenye mafunjo, maelekezo ya kuitia sufu zambarau bila konokono hata mmoja. Maandishi hayo yapo hadi leo, yakihifadhiwa Stockholm nchini Sweden. Aliyekuwa na buluu na nyekundu, na akajua ipi itangulie, alimvisha mtoto wake milia yenye rangi ya kifalme.

Kinachotokea ndani ya sufuria

Anayetaka kutia uzi rangi lazima aelewe kwamba kuna kupaka na kuna kushika. Rangi iliyopakwa huondoka kwa maji ya kwanza ya kufulia. Rangi iliyoshika imeingia ndani ya uzi na kufungamana nao.

Sufu ni protini, sawa na nywele zetu. Rangi nyingi za mimea hazina nguvu ya kuishika protini hiyo peke yake, zinahitaji mshenga. Kwa maelfu ya miaka mshenga huyo amekuwa shabu, ile ile shabu inayouzwa sokoni kwetu kwa ajili ya kusafishia maji au kupaka baada ya kunyoa. Misri ya kale ilichimba shabu katika nyika ya magharibi, kwenye oasisi za Kharga na Dakhla. Madini ya alumini yaliyomo hushika sufu kwa upande mmoja na rangi kwa upande wa pili, na muungano huo ndio unaoivusha rangi karne kumi na saba.

Nili, ile buluu iliyomo katika majani ya Isatis, ina tabia ya pekee. Haiyeyuki katika maji, hivyo hata ukiichemsha mchana kutwa haitaingia ndani ya uzi. Fundi huichachusha katika maji ya magadi au, kama walivyofanya wazee wa mataifa mengi, katika mkojo uliolala, mpaka hewa iliyo ndani ya maji iishe na rangi ibadilike. Uzi hutoka humo ukiwa wa kijani kibichi kinachoelekea njano. Kisha hewa huugusa, na mbele ya macho yako unageuka buluu. Rangi hii haihitaji shabu. Hujifungia yenyewe ndani ya uzi.

Njia ya tatu ni ya juzi tu. Mwaka 1856 William Henry Perkin, kijana wa miaka 18 jijini London, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na mabaki ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata. Alipata rangi ya zambarau iliyoshika hariri, na kwa rangi hiyo kikaanza kiwanda cha rangi za maabara kilichoenea dunia nzima. Wengi wanaotia rangi uzi wa soksi nyumbani siku hizi, Ulaya na Marekani, hutumia rangi za ukoo huo zinazoitwa rangi za asidi. Jina linatisha kuliko kitu chenyewe, maana asidi inayotakiwa ni siki ya jikoni. Siki huipa sufu chaji chanya, rangi ina chaji hasi, na vitu viwili hivyo huvutana. Moto huharakisha ndoa hiyo. Ikikamilika, maji yaliyokuwa mekundu huonekana meupe kabisa ndani ya sufuria, kwa sababu rangi yote imehamia kwenye uzi.

Wanawake wa pwani wanaochemsha ukindu ili kusuka mikeka wanaijua nusu ya kazi hii tangu utotoni. Wanajua kwamba rangi hudai moto, muda na kugeuzwageuzwa ili isikolee upande mmoja. Tofauti iko kwenye malighafi: ukindu ni jani, sufu ni unyoya, na kila kimoja kina rangi zake zinazokipenda.

Uzi mmoja, mguu mzima

Soksi ya Antinoupolis haikufumwa kwa sindano mbili kama tufumavyo leo. Ilifanywa kwa sindano moja yenye tundu, na uzi wa vipande vifupi uliounganishwa kadiri kazi ilivyoendelea. Kila kitanzi kilipitishiwa uzi wote mpaka mwisho wake. Kazi hiyo ni ya polepole, ila kitambaa chake hakifumuki hata kikikatwa. Jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, lina jozi ya soksi nyekundu za njia hiyo kutoka mji mwingine wa Misri, Oxyrhynchus. Kidole gumba kimetengewa chumba chake na vidole vinne vimepewa chumba cha pili, ili mkanda wa kandambili upite katikati. Aliyezifuma aliuangalia mguu wa mvaaji, akaangalia na kiatu chake.

Kufuma kwa sindano zaidi ya moja, kwa vitanzi vinavyovutwa kimoja ndani ya kingine, nako kunaonekana mapema katika nchi hiyo hiyo. Vipande vya soksi za pamba vya Misri, vya kati ya karne ya 11 na ya 14, vimehifadhiwa katika makumbusho kadhaa, likiwamo Textile Museum la Washington. Vingi ni vya nyeupe na buluu ya nili, na baadhi vina mapambo ya herufi za Kiarabu. Vilifumwa kwa mzunguko, bila mshono, kuanzia vidoleni kwenda juu. Kutoka ulimwengu wa Kiislamu ufundi huo ulifika Hispania. Katika kaburi la mwana wa mfalme Fernando de la Cerda, aliyefariki mwaka 1275 na kuzikwa katika monasteri ya Las Huelgas mjini Burgos, ilikutwa mito ya hariri iliyofumwa kwa mikono, mmoja ukiwa na neno la Kiarabu la kuomba baraka kwenye ukingo wake.

Ugumu wa soksi uko kisiginoni. Kufuma bomba ni kazi ya kuzunguka tu. Lakini mguu hupinda pembe mraba, na kitambaa lazima kipinde nao bila kukatwa wala kushonwa. Mafundi walitatua jambo hili kwa hesabu. Unafuma bomba la juu mpaka kifundoni. Hapo unaacha nusu ya vitanzi vipumzike na kuifuma nusu ya pili peke yake, huku na huko, mpaka upate kipande cha mraba kinachoshuka nyuma ya kisigino. Kisha unafuma vitanzi vya katikati pekee, ukigeuza kabla ya kufika mwisho wa mstari, ukiongeza kidogo na kuunganisha kidogo. Mistari hiyo mifupi huzaa kikombe. Mwisho unaokota vitanzi vipya kwenye kingo mbili za ule mraba, unaviunganisha na vile vilivyokuwa vimepumzika, na bomba linaendelea tena, sasa likielekea mbele, kwenye vidole.

Anayefuma kisigino kwa mara ya kwanza hufuata maelekezo bila kuelewa yanakompeleka, kisha ghafla anaona kikombe kimejitokeza mkononi. Ningependa kila mwanafunzi wa hesabu aione saa hiyo. Umbo la pande tatu limetoka kwenye uzi mmoja mrefu, kwa kuhesabu tu.

Na kuhesabu ni kwingi. Soksi ya mtu mzima, kwa uzi mwembamba, huwa na vitanzi kama 64 kwa mzunguko na mizunguko ipatayo 180. Hiyo ni zaidi ya vitanzi 11,500 kwa mguu mmoja, na zaidi ya 23,000 kwa jozi. Kila kimoja kimepita kidoleni mwa mtu.

Mashine iliyotaka kuchukua kazi hiyo

Soksi ilikuwa miongoni mwa mavazi ya kwanza kabisa kuchukuliwa na mashine. Mwaka 1589 William Lee wa Calverton, katika jimbo la Nottinghamshire nchini Uingereza, alibuni fremu ya kufumia soksi. Inasimuliwa kwamba Malkia Elizabeth I alikataa kumpa hataza kwa kuhofia riziki za wafumaji maskini wa mikono. Lee alivuka bahari akaenda Rouen, Ufaransa, na alifariki katika nchi hiyo bila kuufaidi ubunifu wake. Hata hivyo fremu zilirudi Uingereza, na Nottinghamshire ikawa kitovu cha soksi za mashine.

Zaidi ya miaka 200 baadaye, mwaka 1811, ni wafumaji wa fremu wa jimbo hilo hilo waliokuwa wakivunja mashine usiku. Historia imewabatiza jina la Luddites na kuwasingizia kwamba walichukia kila kitu kipya. Wao walizitumia mashine hizo kwa vizazi vingi. Moja ya malalamiko yao makubwa lilikuwa kuhusu ubora: wenye mali walianza kufuma vitambaa vipana, kuvikata kwa umbo la soksi na kuvishona. Soksi hizo zilikuwa rahisi, zilifumuka upesi, na zilichafua jina la kazi yao nzima. Jibu la Bunge, mwaka 1812, lilikuwa sheria iliyofanya uvunjaji wa fremu kuwa kosa la kunyongwa.

Nawataja kwa sababu hoja yao haijazeeka. Soksi ya bei rahisi tunayonunua leo barabarani hutoboka kidoleni baada ya muda mfupi, na hakuna anayefikiri kuitengeneza. Tunaitupa, tunanunua nyingine. Mtu aliyefuma soksi yake anajua kila kitanzi kilipotoka, hivyo anajua pa kuanzia inapopasuka. Anaweza kuitililia kisigino, au kukata sehemu ya vidole na kuifuma upya kwa uzi uliobaki. Anayekielewa kitu hawi mtumwa wa duka.

Sufu iko wapi kwetu

Kondoo wengi wa Afrika Mashariki, wakiwamo kondoo wekundu wa Wamaasai, wana manyoya mafupi yasiyosokoteka. Sufu ya kusokota iko kwenye nyanda za juu, hasa Kenya, ambako mifugo kama Merino, Corriedale na Romney Marsh ililetwa wakati wa ukoloni na kuzoea baridi. Huko Njoro, katika Kaunti ya Nakuru, kikundi cha Kenana Knitters kilichoanza mwaka 1998 kimewapa wanawake wa vijijini kazi ya kusokota sufu kwa mkono, kuitia rangi za mimea na kufuma wanasesere na mavazi yanayouzwa hadi nje ya nchi. Kwa hiyo kazi hii ipo, na ina soko.

Mimea nayo ipo. Rubia cordifolia, ndugu wa ule mmea wa mizizi myekundu wa Misri, huota wenyewe katika nyanda zetu za juu. Indigofera arrecta, mmoja wa mimea mizuri ya nili duniani, asili yake ni mashariki na kusini mwa Afrika, na rangi iliyomo majani yake ni ile ile iliyomo katika Isatis ya Antinoupolis. Njano tunaitupa kila siku tunapomenya vitunguu. Nchi iliyo na nyekundu, buluu na njano ina kila rangi aliyokuwa nayo fundi wa soksi ile.

Wahitaji pia wapo. Makete na Kitulo, nchini Tanzania, hupata jalidi. Kinangop, Molo na Limuru, nchini Kenya, watoto huamka kwenda shule katika baridi inayokata vidole. Sufu huweza kunyonya unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake bila kuhisiwa kuwa imelowa, na ndiyo maana mguu uliotokwa jasho ndani ya soksi ya sufu haugandi pale jua linapozama. Nailoni na poliesta peke yake hazina uwezo huo.

Kikwazo kinachotajwa mara nyingi ni uzi. Nyuzi nyingi za kufumia zinazouzwa madukani ni za akriliki, zitokanazo na petroli. Akriliki haiipokei rangi ya siki wala ya shabu. Jibu moja liko kwenye mitumba. Ukitembea Gikomba jijini Nairobi au kwenye soko lolote la mitumba la mji wenye baridi, utakuta sweta za sufu halisi kwa bei nafuu kwa sababu zina tundu moja au rangi yake imechujuka. Sweta moja ya mtu mzima ina uzi wa kutosha jozi kadhaa za soksi.

Ichunguze kabla ya kununua. Soma lebo ya ndani: tafuta neno Wool, na ikiandikwa sufu asilimia 75 na nailoni asilimia 25 umepata uzi bora kabisa wa soksi, maana nailoni huimarisha kisigino. Tazama mishono ya ubavuni. Ikiwa vipande vilifumwa kwa umbo lake, utafumua uzi mrefu usiokatika. Ikiwa kitambaa kilikatwa na kushonwa kwa mashine ya kuzungushia kingo, kama zile soksi zilizowaudhi wafumaji wa Nottinghamshire, utapata vipande vifupi tu. Na ikiwa sweta imeganda kwa kufuliwa kwa maji ya moto, iache. Magamba ya sufu yamekwisha kushikana na haitafumuka. Ukiwa na shaka kama ni sufu, choma uzi mdogo: sufu hunuka nywele na kuacha majivu yanayosagika, akriliki huyeyuka na kuacha punje ngumu.

Pa kuanzia

Fumua sweta, uzungushe uzi kwenye mgongo wa kiti upate fungu refu la duara, ulifunge kwa kamba za pamba mahali pane bila kukaza, ulifue na kulianika. Kwa gramu 100 za uzi, loweka kwanza kwenye maji ya vuguvugu kwa nusu saa. Uzi mkavu hunywa rangi kwa madoadoa. Katika sufuria weka maji ya kuufunika, siki robo kikombe na rangi ya chakula kiasi upendacho. Tumbukiza uzi, pandisha moto polepole mpaka karibu nyuzijoto 85, maji yakitoa mvuke bila kutokota, na ushikilie hapo nusu saa. Usikoroge kwa nguvu. Moto pamoja na msuguano ndivyo vinavyogandisha sufu. Maji yakiwa meupe, zima na uache upoe humo humo. Suuza kwa maji ya joto lile lile, uanike kivulini.

Ukitaka rangi ya mmea, yeyusha gramu 10 hadi 15 za shabu katika maji, pasha uzi humo kwa saa moja, kisha uhamishe kwenye maji yaliyochujwa ya maganda ya vitunguu yenye uzito sawa na uzi. Utapata njano inayoelekea rangi ya shaba. Manjano ya jikoni huvutia zaidi siku ya kwanza, lakini jua huyafifisha upesi. Maganda ya kitunguu hustahimili zaidi. Kwa rangi za unga zisizo za chakula, tenga sufuria isiyopikiwa tena, na uvae glavu na barakoa unapopima.

Soksi yenyewe hudai sindano nne au tano nyembamba, zenye ncha pande zote mbili, za unene wa milimita 2.25 hadi 2.5. Fuma kwanza kipande cha majaribio, uhesabu vitanzi vilivyomo katika sentimita 10. Pima mzunguko wa mguu sehemu iliyo pana. Mguu wa sentimita 22.5, kwa vitanzi 32 katika kila sentimita 10, unatoa 72. Punguza asilimia 10, maana soksi lazima ijivute kidogo ili isishuke, na chukua namba ya karibu inayogawanyika kwa nne: 64. Hesabu hii ndiyo inayoifanya soksi ya mkono imfae mwenye mguu mpana, mwembamba au uliovimba, watu ambao kiwanda hakikuwafikiria.

Sitamdanganya msomaji kwamba kazi hii itashindana na soksi za mtaani kwa bei. Haitashindana, na haina haja. Thamani yake kwanza ni kwa familia inayoishi penye baridi, inayoweza kugeuza sweta iliyochakaa kuwa jozi za soksi zinazodumu na kutengenezeka. Ya pili ni kwa wale wanaotaka kuuza, kwa sababu wapo wanunuzi wanaojua kutofautisha uzi uliotiwa rangi kwa mkono na ule wa kiwandani, na Njoro imekwisha kuonyesha kwamba wanaweza kufikiwa. Ya tatu, na kwangu ndiyo kubwa, ni kwa shule na vyuo vya ufundi. Katika soksi moja mwanafunzi anajifunza kemia kwa siki na shabu, botania kwa mizizi na majani, hesabu kwa kisigino, na historia ya bara lake kwa ushahidi usiobishika: nyanja hizi zote zilikuwa mikononi mwa mafundi wa bonde la Nile wakati wa Warumi.

Tunao walimu. Wapo kina mama wanaofuma sweta za watoto wa shule, mabibi wanaofuma vitambaa vya makochi kwa kroshia, wasukaji wa ukindu wanaojua tabia za rangi kuliko kitabu chochote. Kila mmoja anacho kipande cha ujuzi huu, na kipande kinachopungua kiko kwa jirani yake. Wakikutanishwa katika darasa moja, na wakalipwa kama walimu wa ufundi mwingine wanavyolipwa, hawatahitaji mkopo wala mtambo. Watahitaji sufuria, sindano tano, sweta ya mtumba na mwanafunzi aliye tayari kuhesabu.